Muulize Shangazi: Nani aliyelipia jumba la Harewood?

Tangu nilipoandika katika toleo lililopita kwamba kustaafu ukaguzi wa hesabu kumenifanya mzururaji wa majumba ya kale ya Uingereza, barua za wakwe na mawifi zimepungua mezani kwangu, na za mabwana wenye mashamba zimeongezeka. Sina kinyongo. Mwezi huu nimechagua tano zinazohusu jumba moja, Harewood House, lililoko Yorkshire kati ya Leeds na Harrogate. Nitazijibu kwa mazoea yangu ya kazi, yaani kwanza naulizia fedha.

*Shikamoo Shangazi. Nasoma shahada ya uzamili hapa Leeds. Tulipelekwa Harewood tukaelezwa habari za mafundi, dari zilizonakshiwa na viti vya rangi ya dhahabu, na maneno machache tu kuhusu biashara ya West Indies, yaani visiwa vya Karibi. Tukiwa kwenye basi tukabishana. Mmoja anasema wenye jumba walikuwa wakulima wa miwa, mwingine anasema walikuwa wakopeshaji tu. Mimi nimesikia kwamba utumwa ulipokomeshwa serikali iliwalipa wao. Ukweli ni upi? – Mwanafunzi, Leeds*

Marahaba mwanangu. Waliobishana wote wamesema kweli, ila kila mmoja ameshika kipindi chake.

Usianze na jumba, anza na mtu. Henry Lascelles alizaliwa mwaka 1690. Alikwenda Barbados, kisiwa kimojawapo cha West Indies, na mwaka 1715 akashika wadhifa wa mkusanya ushuru wa forodha Bridgetown. Nilipofika hapo nilivua miwani nikaifuta. Mtu anayetoza ushuru wa sukari bandarini, na papo hapo mwenyewe ana biashara ya sukari, hahitaji mkaguzi hodari ndipo ashukiwe. Yeye na ndugu yake Edward, aliyempokea kiti hicho, walikuja kutuhumiwa kuipunja serikali ushuru. Malumbano yalichukua miaka, na mali ikabaki kwao.

Forodha ilikuwa mlango mmoja tu. Henry alipata kandarasi za kulisha jeshi la majini. Aliingia ubia katika biashara ya watumwa, ukiwemo mradi wa kuweka meli zilizotia nanga Anomabu, katika pwani ya Ghana ya leo, ziwe kama ghala la kukusanyia watu kabla hawajavushwa bahari. Aliporudi London akawa na nyumba ya biashara iliyopokea sukari ya wenye mashamba, ikaiuza, ikakata kamisheni. Na juu ya hayo yote akakopesha.

Hili la mkopo ndilo lenye nyama. Mwenye shamba la miwa anahitaji fedha kabla ya mavuno: anunue watu, anunue nyumbu, anunue masufuria ya shaba ya kuchemshia maji ya miwa. Anakopa London na kuweka rehani. Rehani yenyewe ni ardhi, mitambo na watu, ambao waliorodheshwa kwa majina, na thamani ikaandikwa mbele ya kila jina, katika daftari lile lile lililohesabu ng'ombe. Msimu ukiwa mzuri, mkopeshaji anapata riba na kamisheni. Msimu ukiwa mbaya, anapata shamba. Katika miaka yangu yote ya kazi sijaona mikataba iliyoegemea upande mmoja kiasi hicho.

Kwa fedha za namna hiyo Henry alinunua milki za Gawthorpe na Harewood mwishoni mwa miaka ya 1730, akafa 1753 kabla ya kujenga. Aliyejenga ni mwanawe Edwin, mzaliwa wa Barbados. Jiwe la msingi liliwekwa 1759, na jumba likawa tayari kukaliwa 1771. Msanifu alikuwa John Carr wa York, mapambo ya ndani yakabuniwa na Robert Adam, samani zikatengenezwa na Thomas Chippendale, ambaye kwao ni Otley, si mbali na pale. Hesabu ya Chippendale kwa Harewood ilipita pauni 10,000, kazi nono kuliko zote alizopata maishani. Kwa hiyo aliyesema "wakopeshaji" yuko sahihi kuhusu kuta na viti.

Aliyesema "wakulima" yuko sahihi kuhusu yaliyofuata. Vita vya uhuru wa Marekani viliparaganya biashara ya visiwani, wenye mashamba wakashindwa kulipa, na Lascelles wakazichukua rehani zao. Kufikia 1787 ekari zaidi ya 27,000 zilikuwa zimeangukia mikononi mwao katika Barbados, Jamaica, Grenada na Tobago. Wamekuwa wakulima bila kushika jembe, na bila hata kukusudia, ukitaka kuwaonea huruma. Mimi siwaonei.

Sasa fidia. Uliyosikia si uvumi, yamo katika kumbukumbu rasmi. Sheria ya mwaka 1833 ya kukomesha utumwa katika makoloni ya Uingereza ilitenga pauni milioni 20 za kuwalipa wenye watumwa kwa "mali" waliyopoteza. Waliotumikishwa hawakupata senti. Zaidi ya hayo, walilazimishwa kuwatumikia mabwana wale wale kwa jina la uanagenzi hadi 1838. Earl (hicho ni cheo cha ukabaila) wa pili wa Harewood, wa ukoo huo huo wa Lascelles, alipokea zaidi ya pauni 26,000 kwa watu 1,277 waliokuwa katika mashamba yake ya Barbados na Jamaica. Mkono wangu umezoea kugawanya, nikagawanya: pauni 20 na ushei kwa kila mtu. Pale jumbani liko kabati la droo lenye picha za Diana na Minerva, miungu wa kike wa Kirumi, kwa mbao za rangi, ambalo Chippendale alilitoza pauni 86 mwaka 1773. Najua kati ya bei hizo mbili imepita miaka 60. Hata hivyo, fanya hesabu mwenyewe uone kabati lile ni watu wangapi.

Serikali ilikopa sehemu kubwa ya hizo milioni 20, na deni likachanganywa na madeni mengine ya taifa hadi salio la mwisho likalipwa mwaka 2015. Ikiwa umewahi kufanya kazi Uingereza kabla ya mwaka huo ukakatwa kodi, nawe umechangia.

Jambo moja zaidi kwa kuwa wewe ni mtu wa kusoma. Madaftari ya nyumba ile ya biashara ya London yaliungua kwa mabomu ya Wajerumani mwaka 1940. Bahati nzuri mwanahistoria Richard Pares alikuwa ameshayapitia na kunakili mengi, na nakala zake zipo. Karatasi nyingine za West Indies zilipatikana Harewood kwenyewe, na sasa zinatunzwa Borthwick Institute katika Chuo Kikuu cha York. Kutoka Leeds ni safari fupi ya treni. Nenda. Maelezo ya watembeza wageni ni mazuri, lakini mwandiko wa karani aliyeandika thamani ya mtoto wa miaka sita haukuachi ulivyokuwa.

*Shangazi, kaka yangu alinitumia picha ya kanisa la Harewood. Limesimama peke yake kati ya miti, hakuna nyumba hata moja jirani. Waumini walikuwa wakitoka wapi? – Msomaji wa kike*

Walikuwa wakitoka hapo hapo, dada. Kijiji kilikuwa kando ya kanisa, kikahamishwa.

Bwana wa karne ya 18 alipotaka mandhari, alitaka aone majani, miti na maji kutoka dirishani, si moshi wa jiko la mtu. John Carr akaagizwa kubuni kijiji kipya nje ya lango, nyumba za mawe zilizopangwa mistari iliyonyooka, zote sare. Bado zipo na watu wanaishi ndani. Nyumba zile zilikuwa imara kuliko nyingi za wakati wake, na sitawasema vibaya kwa hilo. Ila mpangaji hakuulizwa kama anapenda kuhama. Nyumba ya Bwana, shamba la Bwana, kodi kwa Bwana. Ungebisha kwa msingi gani? Wala si Harewood peke yake: Nuneham Courtenay na Milton Abbas nazo zilihamishwa karne hiyo hiyo kwa sababu hiyo hiyo.

Hata jumba la zamani la Gawthorpe lilibomolewa jipya lilipokwisha. Kisha akaletwa Lancelot Brown, yule fundi wa mandhari aliyeitwa Capability, akafanya kazi kati ya 1772 na 1781. Kijito kikazibwa, bonde likajaa maji, na likapatikana ziwa ambalo leo ungeapa liliumbwa na Mungu.

Kanisa halikuguswa kwa sababu limejaa mababu wa watu wengine: makaburi ya alabasta ya karne ya 15 na mwanzoni mwa ya 16, wanaume na wake zao wamelala chali wamekunja mikono. Mmoja wao ni William Gascoigne, jaji mkuu aliyefariki 1419. Upande wa mto Wharfe kuna magofu ya ngome ya karne ya 14. Watu hutembelea jumba wakadhani historia ya mahali pale inaanza na Lascelles. Wao ni wapangaji wa juzi.

*Shangazi, kama walikuwa matajiri hivyo, mbona leo wanauza tiketi na chai? Halafu, kwa nini Waingereza hao humwachia mtoto mmoja kila kitu? – Baba wa watoto watano*

Baba, nimekuelewa, una watoto watano na moyo wako unauma. Nianze na swali la pili.

Ardhi ya mabwana ilifungwa kwa hati za kisheria ili ipite nzima kutoka kwa mwanamume mkubwa hadi mwanamume mkubwa. Wengine walitengewa posho, mabinti wakapewa fungu la kwenda nalo kwenye ndoa, basi. Ukatili upo, lakini shabaha inaonekana: ukigawa ekari 20,000 kwa watoto watano, na wao wakagawa tena, vitukuu wako ni wakulima wa kawaida na jumba limekosa wa kulipaka chokaa. Cheo nacho kina njia yake, haifuati ya nyumba. Edwin alipewa ubaroni mwaka 1790, akafa 1795 bila mtoto, na cheo kikafa naye. Nyumba ikaenda kwa binamu yake Edward, ambaye alipewa ubaroni wake mwenyewe mwaka uliofuata na kuwa Earl mwaka 1812. Na hadi leo mtoto aliyezaliwa kabla ya ndoa harithi cheo cha Kiingereza, hata wazazi wake wakioana baadaye. Mambo yao hayo.

Kuhusu tiketi, fuata tena fedha. Katika miaka ya 1840 bado zilikuwepo: Earl wa tatu na mkewe Louisa walimleta Charles Barry, mbunifu wa jengo la Bunge la London, akaongeza ghorofa na kujenga baraza kubwa la bustani upande wa kusini. Baadaye sukari ya West Indies ikadorora, na kilimo cha Uingereza kikaanguka bei ngano ya Marekani ilipomiminika. Wengi walizama hapo. Harewood iliokolewa na mrithi wake, aliyekuja kuwa Earl wa sita: mwaka 1916 aliachiwa na mjomba wa ukoo, Marquess wa Clanricarde, mali ya takriban pauni milioni mbili na nusu.

Huyo Clanricarde nimpe nafasi kidogo, kwa sababu watembezaji humpita haraka. Alikuwa na ardhi kubwa Galway, Ireland, hakukaa kule, na sifa yake ilikuwa ni kuwafukuza wapangaji walioshindwa kulipa. Alichukiwa Ireland nzima, na mawaziri wa London wenyewe aliwachosha. Kwa hiyo ndani ya jumba moja unakuta mikondo miwili ya fedha: jasho la Barbados lililojenga, na kodi ya Galway iliyofufua. Picha nyingi za Kiitaliano utakazoziona kwenye kuta zile zilinunuliwa kwa mkondo wa pili.

Earl huyo alimwoa Princess Mary, binti wa Mfalme George wa Tano, mwaka 1922. Katika vita vyote viwili jumba liligeuzwa kituo cha wanajeshi waliokuwa wakipata nafuu. Earl alipofariki mwaka 1947, ikaja kodi ya mirathi. Ilipoanzishwa kwa sura mpya mwaka 1894, kiwango cha juu kabisa kilikuwa asilimia 8. Mwaka 1949 kilifika asilimia 80. Kwa watu waliokuwa na ardhi nyingi na fedha taslimu kidogo, hiyo ni amri ya kuuza. Harewood wakauza sehemu kubwa ya ardhi, na mwaka 1950 wakafungua milango kwa umma. Mwaka 1965 iliondoka meza ya Chippendale ya maktaba. Baada ya hapo ukauzwa mchoro wa kifo cha Actaeon wa mchoraji wa Kiitaliano Titian, ambao National Gallery ya London iliupata 1972. Shamba lao la mwisho Barbados liliuzwa 1975. Tangu 1986 jumba na vilivyomo vinaendeshwa na taasisi ya hisani, si mfuko wa familia.

Wenzao walipata mabaya zaidi. Mwaka 1974 jumba la makumbusho la Victoria and Albert lilifanya maonyesho ya majumba ya mashambani yaliyobomolewa, na orodha ikapita 1,000. Kwa hiyo chai na tiketi si aibu. Hata mtaa wa maigizo wa tamthilia ya televisheni ya Emmerdale umejengwa ndani ya ardhi ya Harewood, na mwenye ardhi hafanyi hisani.

Kwa wapenda mpira: Earl wa saba, George, ndiye aliyeyabeba madeni hayo. Huyu alikuwa mateka wa Wajerumani katika ngome ya Colditz, na mwaka 1945 Hitler alitia sahihi auawe. Jenerali wa SS aliyesimamia kambi za mateka hakutekeleza. George alirudi akawa mtu wa opera, akawa rais wa chama cha soka cha England, na rais wa klabu ya Leeds United tangu 1961 hadi alipofariki 2011. Nampenda kidogo, nakiri, ingawa si kwa sababu ya Leeds United.

*Bi Shangazi, kwako kila kitu ni utumwa. Jumba lile ni sanaa. Waliokosea wamekufa zamani. Mbona humwachi mtu akafurahia kiti kizuri? – Mpenda Sanaa*

Kifurahie, bwana. Mimi nakifurahia, na ningekiiba kama kingeingia kwenye mkoba. Lakini umeniandikia kana kwamba mimi ndiye niliyeleta habari hii nyumbani kwa watu. Earl wa nane, David Lascelles, ambaye ukoo ni wake, amekuwa akilisema hadharani kwa miaka, na mwaka 2023 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa kundi la watu waliotoka katika familia zilizomiliki watumwa, wanaotaka kulizungumza na kurekebisha panaporekebishika. Mwaka huo huo jumba likaweka ukutani picha ya mwigizaji David Harewood. Jina lake la ukoo hakulichagua: mababu zake walitumikishwa katika shamba la Earl wa pili huko Barbados. Picha yake imetundikwa katika nyumba ile ile ambayo kuta zake zilikuwa za Lascelles na jamaa zao.

Mwaka 2020 shirika la National Trust, lenye kutunza mamia ya majumba ya namna hii, lilitoa ripoti ikitaja 93 kati ya maeneo yake kuwa na uhusiano na ukoloni au utumwa. Waliokasirika walikuwa wengi, wakasema kama unavyosema wewe. Sikuona hata mmoja akikanusha hesabu. Mwenye nyumba haoni haya kusema fedha zilitoka wapi. Sasa mimi na wewe tunamfichia nani?

*Shangazi, nitafika Leeds kwa harusi na nina siku moja ya kutembea. Niangalie nini Harewood? – Mgeni*

Ingia kwanza ukumbi mrefu wa picha, utazame juu ya madirisha. Vitambaa vile vizito vya buluu vilivyokunjamana ni mbao. Chippendale aliagiza zichongwe na kupakwa rangi hadi zikunjike kama hariri, na hata ukijua, jicho linakataa. Halafu kitanda kikuu cha 1773, chenye kuba na dhahabu, ambacho kwa miaka mingi kilikuwa kimefunguliwa vipande na kuwekwa stoo hadi kilipotengenezwa upya mwishoni mwa karne ya 20. Kabati la Diana na Minerva nimeshalitaja. Lizunguke ubavuni, mbele wamejazana watu.

Nje, simama kwenye baraza la Barry uangalie ziwa, kisha inua macho. Mwewe wekundu walirudishwa hapa kuanzia 1999 baada ya kutoweka Yorkshire, na sasa ni nadra kukaa nusu saa bila kumwona mmoja. Vaa viatu vya kutembea, kutoka jumbani hadi kanisani kuna mwendo.

Kama harusi itakuachia na siku ya pili, panda basi uende Temple Newsam, jumba jingine la kale, ng'ambo ya pili ya Leeds. Meza ile ya maktaba iliyouzwa 1965 ilinunuliwa na mji wa Leeds kwa gini 41,000 (gini ni pauni moja na shilingi moja), nayo iko huko.